Kicheleweshi cha friji hakifuati hesabu: kutafuta kosa kwenye saketi ya rezista na kapasita

Karatasi ya kijana anayejifunza kazi kwangu ilisema dakika 4 na sekunde 2. Saa ya simu yake ikasema sekunde 12. Alikuwa ametengeneza kicheleweshi cha friji, kile kidude kinachoizuia friji isiwake mara tu umeme unaporudi, akaja na bodi mkononi na lawama mdomoni: "Fundi, hii kanuni ya RC ni ya vitabuni tu."

Nimekaa na kifaa cha kulehemu miaka mingi na bado sijaona rezista (R) na kapasita (C) zikikataa kuifuata. Zinaifuata kwa uaminifu mkubwa, tatizo ni kwamba zinafuata saketi iliyoko mezani, na ile mara nyingi haifanani na iliyoko kwenye karatasi. Kuna rezista iliyojipenyeza bila kuchorwa, au kapasita haina kiasi kilichoandikwa ubavuni, au mtu hakujiuliza kapasita ifike volti ngapi ndipo kazi ifanyike. Hili la mwisho ndilo linalowakamata wengi, akiwemo kijana wangu.

Nitatumia kicheleweshi hichohicho mwanzo hadi mwisho, maana dalili zake ni zilezile utakazokutana nazo kwenye taa ya ngazi, kengele ya mlango au king'ora cha gari.

Saketi yenyewe na hesabu yake

Kompresa ya friji ikizimika, shinikizo la gesi hubaki kubwa upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo, mota inakwama ikisukumana na shinikizo hilo, inavuta mkondo mkubwa na kupata moto. Ukiipa dakika tatu hadi tano, pande mbili zinasawazika na inaanza kirahisi. Kazi ya kidude chetu ni kusubiri tu.

Umeme wa volti 12 DC unapita kwenye rezista ya kilo-omu 220 na kuingia kwenye kapasita ya mikrofaradi 1000. Pale rezista na kapasita zinapokutana pameunganishwa na mguu mmoja wa LM393, aisii ya kulinganisha volti. Mguu wa pili unapewa volti 8, zinazotokana na kuzigawa volti zilezile 12 kwa rezista ya kilo-omu 10 juu na 20 chini. Kapasita ikivuka volti 8, LM393 inageuka, transista inafunguka, rilei (swichi inayovutwa na koili) inavuta, friji inapata umeme. Volti 8 hizo nitaziita kizingiti.

Muda wa kufika kwenye kizingiti ni:

t = R × C × ln(V ÷ (V − Vk))

V ni volti za chanzo, Vk ni kizingiti, na ln ni logi asilia, kitufe cha ln kwenye kikokotoo. R × C peke yake, ambayo shuleni huitwa tau, ni kilo-omu 220 mara mikrofaradi 1000, yaani sekunde 220. Volti 12 ukizigawa kwa 4 unapata 3, ln ya 3 ni 1.0986, zidisha kwa 220 unapata sekunde 242. Hizo ndizo dakika 4 na sekunde 2 za kwenye karatasi ya kijana.

Tau moja haimaanishi kapasita imejaa. Baada ya tau moja imefika asilimia 63.2 ya volti za chanzo, baada ya mbili 86.5, baada ya tatu 95, baada ya tano 99.3. Kadiri inavyopanda ndivyo mwendo unavyopungua, kama daladala inayoelekea kujaa: wa kwanza wanaingia mbio, wa mwisho wanaminywa mmoja mmoja.

Kabla hujagusa waya, kagua karatasi

Ikiwa muda uliopimwa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kwenye karatasi, na saketi haionyeshi tatizo lingine, angalia ulibonyeza nini kwenye kikokotoo. Kitufe cha log na cha ln vinakaa jirani. Log ya 3 ni 0.477, ukizidisha kwa 220 unapata sekunde 105. Saketi itakupa 242, nawe utaanza kubadilisha kapasita isiyo na kosa. Uwiano wa log na ln ni 2.303 daima, kwa hiyo ukiuona uwiano huo kati ya karatasi na saa, acha bodi, chukua kalamu.

Majibu yanayokosea mara elfu yanatoka kwenye vipimo. Mimi sibebi sufuri nyingi, nakumbuka mambo matatu tu: mega-omu mara mikrofaradi ni sekunde, kilo-omu mara mikrofaradi ni milisekunde, kilo-omu mara nanofaradi ni mikrosekunde.

Halafu kuna makosa ambayo si makosa. Rezista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5. Kapasita za elektroliti, zile za kopo zenye mstari wa hasi ubavuni, kwa kawaida zinaruhusiwa asilimia 20 juu au chini. Zikikosea zote kuelekea upande mmoja, kidude chetu cha sekunde 242 kinaweza kutoa sekunde 184 au 305, kikiwa kizima kabisa. Anayetaka dakika 4 kamili aweke kilo-omu 150 pamoja na voliumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 100 kwa mfuatano, kisha arekebishe kwa saa mkononi. Ukipata muda ulio kati ya 184 na 305 na friji imeridhika, funga kifuniko.

Dalili: rilei au taa inaitika baada ya sekunde chache, si dakika

Hii ndiyo iliyomleta kijana. Nilipoigeuza bodi yake sikuona LM393. Alikuwa ameona mahali mchoro mfupi zaidi, akachukua waya kutoka kwenye kapasita akaupeleka moja kwa moja kwenye besi (mguu wa kuamrisha) ya transista BC547. Kwenye karatasi alikuwa ameweka kizingiti cha volti 8, lakini transista ya silikoni inaanza kufunguka besi ikifika kama volti 0.65. Weka 0.65 mahali pa 8 kwenye kanuni: 12 gawanya kwa 11.35, ln yake ni 0.0557, mara 220 ni sekunde 12.

Sekunde 12, zilezile za simu yake! Nilimwandikia hesabu hiyo pembeni mwa karatasi akanyamaza kidogo.

Ukipima kapasita ya saketi kama hiyo utaona volti zinapanda hadi 0.7 hivi na kukwama hapo hata ukisubiri mpaka kesho. Besi inaunywa mkondo wote unaopita kwenye rezista, kapasita haipati tena kitu. Na mkondo wenyewe ni mdogo, kama mikroampea 52. Hata transista ikiukuza mara 200 ni miliampea 10 tu: LED itawaka, lakini rilei ya kawaida ya volti 12 yenye koili ya omu 400 inataka miliampea 30, kwa hiyo haitavuta, au itatetema tu. Taa inawaka mapema na rilei imelala: hapo usitafute mbali.

Zikikwama kwenye 1.8 hivi badala ya 0.7, kuna LED nyekundu iliyofungwa sambamba na kapasita. Hadithi ni ileile.

Ikiwa sehemu ya LM393 ipo na muda bado ni mfupi mno, kagua rangi za rezista. Kilo-omu 220 ni nyekundu, nyekundu, njano. Nyekundu, nyekundu, chungwa ni kilo-omu 22, na hiyo itakupa sekunde 24. Chini ya taa ya njano usiku, chungwa na njano ni ndugu, na rezista iliyowahi kupata joto rangi zake hugeuka kahawia zote. Mimi siamini macho yangu tena, kila rezista naipitisha kwenye mita kabla ya kuilehemu.

Ikiwa muda umepungua kwa nusu au theluthi hivi, elekea kwenye kapasita. Tunang'oa nyingi kwenye redio na dekoda mbovu, na kapasita iliyokaa miaka karibu na joto hukauka maji yake ya ndani. Iliyoandikwa 1000 ikabaki na 400 itakupa sekunde 97. Iliyovimba kichwani usiijadili, itupe. Lakini nyingi hukauka bila kuvimba, na hizo lazima zipimwe.

Kupima kapasita bila mita ya kapasita

Kipimo hiki nakipenda kwa sababu kinaitenga kapasita na washukiwa wengine wote. Ondoa kilo-omu 220, weka kilo-omu 22. Hakikisha kapasita ni tupu: unganisha miguu yake kwa rezista ya omu 100, iache dakika mbili tatu. Bisibisi ni haraka zaidi, ila cheche si nzuri kwa kapasita wala kwa bisibisi, na kapasita iliyounganishwa miguu kwa sekunde moja tu hujirudishia volti kidogo ukiiachia. Usishangae ukiisoma sufuri, kisha baada ya dakika ukaikuta na volti 0.3 bila kuunganishwa na chochote. Chaji ilikuwa imejificha ndani ya utando wake.

Sasa washa volti 12 na saa kwa pamoja, simamisha saa mita inapopita volti 7.6, ambayo ni asilimia 63 ya 12. Sekunde 22 ni mikrofaradi 1000. Sekunde 26 ni kama 1180, bado nzima. Sekunde 9 ni kama 400, ya kutupa. Kwa rezista ndogo namna hii mkondo ni mkubwa kiasi kwamba kuvuja kwa kapasita na kunywa kwa mita hakuhesabiki, kwa hiyo unachokiona ni kapasita peke yake.

Kipimo hiki ni cha volti 12 tu. Kapasita kubwa za volti 400 zilizomo kwenye saplai ya TV au kompyuta hubeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hizo hazichezewi kwa namna hii.

Dalili: haifiki kabisa, au inafika baada ya kuchelewa sana

Unasubiri dakika sita, saba, kumi. Rilei kimya. Hapa washukiwa ni watatu, na wa kwanza kukamatwa awe wewe mwenyewe uliyeshika mita.

Mita ni rezista. Zile mita ndogo za njano za bei rahisi, aina ya DT830, zina ukinzani wa mega-omu 1 zikiwa kwenye volti. Ukiishikilia kwenye kapasita ili uone inavyopanda, umeshafunga mega-omu 1 sambamba na kapasita. Mkondo unaopita kwenye kilo-omu 220 sasa unagawanywa. Kapasita haitafika tena volti 12, mwisho wake ni 12 × 1000 ÷ 1220, yaani volti 9.8, na muda wa kufika volti 8 unakuwa sekunde 303 badala ya 242. Dakika nzima imeongezwa na mita yako. Ukiiondoa, tatizo linaondoka, ukiirudisha ili ulitafute, linarudi. Nimeona mtu akibadilisha kapasita tatu kwa mtindo huo.

Mita ya sindano ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Yenye omu 20,000 kwa kila volti, ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10, ni kilo-omu 200 tu. Kapasita itakwama kwenye volti 5.7, na kizingiti cha 8 hakitafikiwa milele. Mita nzuri yenye mega-omu 10 inachelewesha kwa sekunde chache tu. Usipokuwa nayo, weka mita kwenye koili ya rilei na usikilize inavyovuta, kapasita uiache ipumue.

Kama mita haipo kwenye kapasita na bado haifiki, mshukiwa wa pili ni kuvuja kwa kapasita yenyewe. Kapasita ya elektroliti si chupa iliyozibwa kabisa. Watengenezaji wengi huruhusu mkondo wa kuvuja, kwa mikroampea, hadi 0.01 mara mikrofaradi mara volti zilizoandikwa juu yake. Kwa kapasita yetu ya 1000 yenye volti 16, hiyo ni mikroampea 160. Sasa linganisha na tunachoipa: kapasita ikiwa tupu, rezista yetu inapitisha mikroampea 55, na inapokaribia volti 8 inapitisha 18 tu. Kwa hiyo kapasita inaweza kutimiza ahadi yote ya mtengenezaji na bado isifike kwenye kizingiti. Kinachotuokoa ni kwamba kapasita mpya nzima kwa kawaida huvuja kidogo sana kuliko kikomo hicho.

Upimaji wake: acha saketi iwake nusu saa, kisha weka mita kwenye miguu ya rezista, si ya kapasita. Kapasita isiyovuja ingekuwa imejaa na kwenye rezista usingeona chochote. Ukiona volti 2.2, gawanya kwa kilo-omu 220: mikroampea 10 zinapotea ndani ya kapasita, nayo imekwama kwenye volti 9.8. Itafika 8, kwa kuchelewa. Ukiona volti 4 au zaidi, umepata jibu lako, maana zilizobaki kwa kapasita ni 8 au pungufu.

Kuna kapasita inayovuja kwa sababu imelala. Iliyokaa dukani au kwenye droo miaka kadhaa bila umeme, utando wake wa oksidi hudhoofika, na siku ya kwanza huvuja sana. Ipe volti zake kupitia rezista ya kilo-omu moja kwa saa chache, utando unajijenga upya. Ndiyo maana mtu huapa kwamba jana ilikataa na leo inafanya kazi bila kuguswa. Anasema kweli. Na ukiweza, nunua ya volti 25 au 35 kwa saketi ya volti 12: kapasita inayofanya kazi mbali na kikomo chake huvuja kidogo zaidi. Iliyofungwa kinyume, hasi mahali pa chanya, nayo huvuja vibaya, hupata moto na mwishowe hupasuka. Angalia mstari.

Wengine hudhani dawa ya kuvuja ni kapasita ndogo na rezista kubwa, mikrofaradi 100 kwa mega-omu 2.2. Muda ni uleule. Kuvuja kunapungua mara kumi, sawa, lakini mkondo unaokwenda kwenye kapasita nao umepungua mara kumi, kwa hiyo uwiano haujasogea. Ulichofanikiwa ni kumkaribisha mshukiwa wa tatu, uchafu.

Nao hasa ni ugonjwa wa pwani. Bodi iliyoachwa na mabaki ya flaksi ya kulehemu, ikakaa kwenye hewa ya Tanga au Mombasa, inakusanya unyevu na chumvi. Kati ya njia mbili za shaba zilizo karibu panazaliwa rezista ya mega-omu chache. Kwa rezista ya kilo-omu 220 hutaisikia sana. Kwa mega-omu 2.2 inaiba nusu ya mkondo. Dalili yake ni muda unaorefuka msimu wa mvua na kurudi jua likikaza, au ukipuliza bodi kwa kikausha nywele. Isugue kwa mswaki na spiriti, ikauke, kisha ipake vanishi sehemu ya rezista na kapasita.

Dalili: mara ya kwanza sawa, umeme ukikatika kidogo na kurudi inavuta papo hapo

Kwa kicheleweshi cha friji hili ndilo kosa la hatari, na ndilo ambalo kupima mara moja mezani hakulionyeshi. Umeme wetu una tabia ya kukatika, kurudi, kukatika tena ndani ya dakika moja. Hapo ndipo friji inahitaji ulinzi, na hapo ndipo kidude kinapoitupa.

Kisa ni kwamba kanuni uliyotumia inadhani kapasita inaanzia sufuri. Umeme ukikatika kapasita ina volti 12, na njia pekee ya kutoka ni ileile ya kuingilia, rezista ya kilo-omu 220. Baada ya sekunde 20 gizani bado ina volti 10.96. Itachukua sekunde 89 kushuka chini ya 8. Umeme ukirudi kabla ya hapo, LM393 inaikuta kapasita tayari iko juu ya kizingiti na inavuta rilei mara moja. Kanuni yenye kuhesabu mabaki ni hii, V0 ikiwa ni volti zilizobaki:

t = R × C × ln((V − V0) ÷ (V − Vk))

Dawa ni dayodi moja ya 1N4148 sambamba na rezista, mstari wake ukielekea kwenye chanzo cha volti 12. Wakati wa kuchaji dayodi imefunga, haibadilishi muda. Umeme ukikatika na volti za chanzo zikaanguka, kapasita inamwaga chaji yake kupitia dayodi bila kusubiri rezista.

Lakini volti za chanzo zinaanguka tu ikiwa kuna kitu kinachozinywa, na hapa kuna mtego mdogo uliotupotezea mchana mzima. Kijana aliweka dayodi, akajaribu kukata na kurudisha umeme, muda ukawa dakika 3 na sekunde chache. Hesabu ilisema zaidi ya 3 na nusu. Mzigo uliobaki kwenye chanzo ulikuwa hasa LED nyekundu ya kuonyesha umeme, yenye rezista ya kilo-omu 1. LED huacha kunywa zikibaki volti 1.8. Ongeza 0.6 za dayodi: kapasita ilikuwa inabaki na 2.4. Iweke kwenye kanuni, 9.6 gawanya kwa 4, unapata sekunde 193. Tukaongeza rezista ya kilo-omu 1 peke yake kutoka kwenye volti 12 kwenda hasi, bila LED. Mabaki yakashuka hadi 0.6 hivi, na kwa mabaki hayo hesabu ni sekunde 230. Mzigo huo hunywa miliampea 12 muda wote, hasara ndogo. Kapasita ya 1000 inamwagika ndani ya sekunde tatu nne, pamoja na kapasita ya kuchuja umeme iliyoko kwenye saplai.

Ukitaka kujua kama kicheleweshi chochote, hata cha kununua, kina ugonjwa huu, kiwashe hadi kivute, kizime kwa sekunde tano, kiwashe tena huku unahesabu. Usijaribu kwa friji. Jaribu kwa taa.

Dalili: asubuhi muda mmoja, jioni mwingine

Jioni kila nyumba imewasha taa, TV na pasi, umeme unakuwa mdogo, na saplai isiyo na kidhibiti inashuka kutoka volti 12 hadi 10. Je, muda unapaswa kubadilika? Kwa saketi niliyoeleza, hapana. Kizingiti kinagawanywa kutoka kwenye volti zilezile zinazochaji kapasita. Zikishuka, kizingiti kinashuka nazo, uwiano unabaki theluthi mbili, na ln ya 3 haijali umeme wa jioni.

Aliyeweka kizingiti kwa dayodi ya zena ya volti 8.2 ndiye anayeteseka. Saplai ikiwa 12 anapata sekunde 253. Ikishuka hadi 10, kizingiti kimebaki palepale huku dari limeshuka: 10 gawanya kwa 1.8, anapata sekunde 377. Usiku wa manane saplai ikipanda hadi 14, anapata 194. Zena inaonekana ni kitu cha kitaalamu zaidi kuliko rezista mbili, lakini hapa rezista mbili ndizo zenye akili. Ukilazimika kubaki na zena, basi dhibiti pia volti za kuchaji, kwa 7812 kwa mfano, aisii ya kudhibiti volti 12, na uhakikishe kinachoingia hakishuki chini ya volti 14 na nusu hivi.

Somo hilohilo linamhusu anayeweka kizingiti juu sana ili apate muda mrefu kwa kapasita ndogo. Kwenye asilimia 95 kapasita inapanda kwa sehemu ya ishirini ya mwendo wake wa mwanzo. Kuvuja kidogo, joto kidogo, kelele kidogo kwenye waya, na muda unayumba kwa dakika. Theluthi mbili ni mahali pazuri. Ukitaka nusu saa, achana na RC tupu, chukua CD4060: inatetema haraka kwa kapasita ndogo isiyovuja, kisha inahesabu. Ukiipa mtetemo wa sehemu ya kumi ya sekunde, mguu wake wa mwisho unapanda baada ya mitetemo 8192, yaani dakika 13 na zaidi, na ukitaka nusu saa unaupunguza mwendo wa mtetemo hadi chini kidogo ya nusu.

Dalili: taa ya kuwaka na kuzima, mara ya kwanza inakaa muda mrefu kuliko nyingine zote

Hii ni ya wenye 555, aisii ya kupima muda, na nimeiweka hapa kwa sababu haina tiba wala haihitaji. Mara ya kwanza kapasita inapanda kutoka sufuri hadi theluthi mbili, RC mara 1.1. Baada ya hapo inacheza kati ya theluthi moja na theluthi mbili, RC mara 0.693. Mwako wa kwanza ni kama mara 1.6 ya mingine.

Ila ikiwa 555 umeifunga kama kicheleweshi cha mara moja na haizimi kabisa, tazama mguu wa 2 kabla ya kulaumu kapasita. Ukibaki chini, kwa mfano kitufe kimekwama, volti zinazotoka hazishuki hata muda ukiisha.

Bodi ya kijana tulimalizia siku ya pili: LM393 ndani, dayodi ndani, rezista ya kilo-omu 1 ndani, mabaki ya flaksi yamesuguliwa. Mita ikawa mezani, mbali na kapasita. Tukawasha, tukakaa, rilei ikagonga kwenye dakika 4 na sekunde 31. Akataka kuanza kutafuta sekunde 29 za ziada. Nikamwambia apime kapasita kwa kilo-omu 22 kwanza. Ikatoa sekunde 24 na nusu. Akafanya hesabu mwenyewe, mikrofaradi 1114, mara 220, mara 1.0986, akapata 269, akaandika "4:31" kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko.